Shanga za Gauni Jeupe

Kila akitoka shule, Panya alipita kwa shangazi yake, fundi cherehani, akavua viatu mlangoni na kuketi kwenye kigoda kushona vifungo. Jina la Panya alipewa na wenzake darasani kwa kutafuna kucha. Alizitafuna akisoma, akingoja, akiwaza hesabu. Miaka kumi na miwili tu, na vidole vimechubuka kama vya mvunja kokoto.

Siku moja shangazi alimpa kazi ya heshima: kushona shanga kwenye gauni jeupe la harusi ya dada yake Panya. Hakufika shanga ya nne. Kidole kilitoa damu, ikadondokea kitambaa.

Shangazi hakufoka. Alichukua maji baridi na sabuni, akalifikicha doa taratibu mpaka likatoka.

"Lingekauka, dada yako angeolewa na nguo ya muuza nyama," alisema. "Harusi bado wiki tatu. Vidole vikipona, utashona. Visipopona, nitashona mwenyewe."

Nyumbani, kaka yake alimshauri apake pilipili vidoleni. Alipaka. Muda si mrefu akajisahau, akajifikicha jicho, akalia mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa.

"Pilipili usiyoila yakuwashiani?" kaka akamtania.

Kesho yake shangazi aliposikia, alicheka hadi akasimamisha cherehani. "Haya, huwa unatafuna wakati gani?"

"Sijui, shangazi. Nashtukia tu kidole kiko mdomoni."

"Basi jichunguze, kisha uje uniambie."

Alirudi na jibu baada ya siku mbili. "Ni mikono ikikosa kazi."

"Na wewe unaiambia iache, huiambii ifanye nini." Shangazi alimkatia vitambaa vitatu vyembamba. "Mkono ukipanda mdomoni, ushushe, usuke."

Darasani, rafiki yake wa dawati moja alimchungulia. "Panya, unasuka mkia?"

"Ndiyo. Nikimaliza nakusukia wewe masharubu."

Haikuwa rahisi. Siku ya mtihani wa hesabu alikitafuna kidole gumba mpaka kikauma. Alikwenda kwa shangazi kichwa chini, akamweleza ukweli.

"Kimoja kati ya kumi," shangazi alisema. "Suka."

Siku nne kabla ya harusi, shangazi alivikagua vidole dirishani, kimoja kimoja, kisha akamwekea gauni mapajani. Panya alishona mpaka shanga zikaisha. Kitambaa kilibaki cheupe.

Dada yake alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo. "Shangazi, shanga umezipatia kweli."

"Mimi sikugusa hata moja. Mshukuru huyo kwenye kigoda."

Panya akainama, akicheka kichinichini.

"Sikia, mwanangu," shangazi akamwambia. "Mazoea yana tabu. Ukiyafukuza ukaacha nafasi tupu, yanarudi. Wewe umeiweka kazi mahali pa kucha, ndiyo maana umeshinda."