Jipu Jeusi kwenye Daraja la Wamaza

Siku ya soko Kasongo, gari haliingii sokoni. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ni akili tu. Njia iliyo katikati ya meza za samaki na mafungu ya sombe, majani ya muhogo, inatosha baiskeli mbili zikisalimiana, na motari mwenye adabu huzima injini ya pikipiki yake akasukuma. Lakini asubuhi ile mkubwa mmoja wa ofisi, ambaye jina lake halina faida, alikuwa na jipu jipya na hakuwa ameonekana nalo vya kutosha. Akaingia nalo. Akapiga honi. Wanawake wakabeba mabeseni yao wakarudi nyuma, samaki wakavu wa Nyangwe wakamwagika topeni, na moshi mweusi wa mazuti ukatua juu ya mchele wa watu.

Nyuma ya magunia yake alikuwa Soraya, muuza mchele, mwanamke ambaye soko zima lilimpenda na kumwogopa kwa sababu moja: ulimi. Alivaa gauni la kitenge cha kijani, kilemba cha njano kilichopanda juu, na viatu vya plastiki kwa ajili ya tope. Akafunika mchele kwa kikwembe chake, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza chumvi:

"Muone. Mutu mumoja, viti saba. Anabeba nini? Tumbo lake."

Mwanamume aliyekuwa akipima punje za mchele kiganjani akacheka mpaka akakohoa.

"Rudia, dada. Honi ilinizuia kusikia vizuri."

"Unanunua, ao unaotesha mikono moto ndani ya muchele wangu?"

"Nanunua. Lakini rudia."

Soraya akamtazama. Shati jeupe lililopigwa pasi, shingo ndefu, ndevu chache zilizochongwa kwa uangalifu. Uso hakuujua, sauti aliijua.

"Weye ni Kamaldine wa redio. Wa musikate miti, mupunguze moshi."

"Ni miye."

"Nilizani uko munene."

"Sauti tu ndiyo inakula vizuri."

Ndivyo walivyoanza, kwa kumcheka mtu. Wengine huanza na maua. Hawa wawili kila jioni walipigiana simu kuwachambua wenye magari wa Kasongo, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaochambua mawe kwenye mchele. Yupo aliyeosha gari kila asubuhi na hakuwa na esansi ya kulitoa uani. Yupo aliyepandisha vioo juani, akaloa jasho, ili watu wadhani ndani kuna baridi.

"Jipu," alisema Soraya siku moja. "Jina lake limefaa. Inavimba, inauma, na ndani yake ni uchafu."

"Sheri wangu, utaniua na kicheko."

"Na weye utanunua nini siku moja?"

"Sitanunua peke yangu. Tutanunua wawili."

Moyo wa Soraya ukaruka. Walikubaliana wachukue trisikeli ya batri, ile ya magurudumu matatu yenye sanduku nyuma, ambayo Gaston, mfanyabiashara wa magari, angeweza kuileta kutoka Kindu. Wangeweka pano za jua juu ya paa la nyumba yao ili kuchaji batri yake. Hainywi esansi, haitoi moshi, inapita sokoni bila kumwaga samaki wa mtu. Mchele wa Wamaza, kijiji cha wakulima ng'ambo ya mto, ungefika mjini kwa baiskeli kama kawaida, na trisikeli ingeusambaza. Kamaldine aliisifu redioni Jumamosi mbili mfululizo, kwa sauti ile iliyoshiba.

Kisha akaenda kumposa.

Baba yao Soraya alikuwa amefariki, na neno lilikuwa la yaya yake, kaka mkubwa Iliasi. Iliasi alikuwa na duka la vitambaa, kanzu nyeupe zisizo na doa, na kumbukumbu ndefu sana juu ya ukubwa wa mababu zake. Ukubwa wake mwenyewe ulikuwa haujaonekana bado. Alimkaribisha Kamaldine, akampa chai, akamsikiliza mpaka neno trisikeli.

"Trisikeli," akasema polepole. "Dada yangu atoke mu nyumba hii juu ya trisikeli. Kama simenti."

"Yaya, ni yeye mwenyewe—"

"Yeye ni mutoto wa kike. Miye ndiye watu watauliza. Ulete gari. Gari ya mwanaume. Na usimwambie ni miye nimesema, maana unamujua. Ukimwambia, hakuna ndoa."

Mwanamume mwenye mgongo angesimama akaenda moja kwa moja kwa Soraya. Kamaldine alikunywa chai yake akamaliza. Wiki ile ile aliuza shamba la michikichi alilorithi kwa baba yake, yeye mtetezi wa miti, kwa mtu ambaye kila mmoja alijua ataikata. Akaenda kwa Gaston. Pale uani palikuwa na kamionete ya zamani ya mizigo, rangi imechubuka, injini imara, sanduku pana. Palikuwa pia na jipu jeusi. Gaston alimfungulia mlango, akamketisha, akamshikisha usukani, akanyamaza. Muuzaji mzuri anajua lini mteja anajiuza mwenyewe.

Siku ya tatu Kamaldine alifika sokoni na jipu lile. Alisimama mdomoni mwa njia, akapiga honi mara mbili, kwa upole, kama anayebisha hodi. Alivaa miwani ya jua. Soraya aliinua kichwa, na kwa muda hakuelewa anatazama nini.

"Panda, sheri," alisema Kamaldine dirishani. "Ndani iko baridi kama Ulaya."

"Ulaya ulifika lini?"

"Panda kwanza. Nitakueleza."

"Ni ya nani?"

"Ni yetu."

"Yetu? Miye niliichagua lini? Na trisikeli?"

"Soraya, mutu anaweza kubadilisha mawazo. Hii iko ya kisasa, moshi yake kidogo tu—"

"Kamaldine. Geuka. Nyuma yako kuku anakohoa."

Soko likalipuka kwa kicheko. Kamaldine alivua miwani, na pale ndipo Soraya alipoona macho ya mtu anayeficha kitu. Akafikiri anajua kinachofichwa: kwamba hakuwahi kuwa vile alivyojionyesha.

"Nilizani nimepata mwanaume," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Kumbe nilipata redio. Ukizima, ndani hakuna mutu."

Jioni Soraya alifunga namba ya Kamaldine asimpigie tena. Alipika wali, akauacha upoe, akaenda kulala na njaa.

Kamaldine naye alionja utamu wa ukubwa. Watu wasiowahi kumsalimu walimwita bosi. Binamu aliomba jipu libebe mbuzi, jirani aliomba libebe maiti, na wote walishangaa kuombwa mazuti. Jumamosi aliposema redioni watu watunze hewa, msikilizaji wa kwanza kupiga simu alitoa sauti ya injini kwa mdomo, akakata. Wa pili akafanya hivyo hivyo. Kipindi kikaisha kwa muziki.

Mtu pekee aliyefurahi alikuwa Iliasi. Alikaa kiti cha mbele kama amezaliwa hapo, na mavuno ya mpunga yalipofika akaamua waende Wamaza kusalimia ukoo. Bila shaka ukoo ulikuwa na kiu ya kuliona jipu.

Njia ya Wamaza ina daraja la miti juu ya mto mdogo, la kupitisha baiskeli, pikipiki, na miguu ya watu. Siku ile Soraya alikuwa akingoja mchele wake utoke ng'ambo. Mchele haukuja. Mchana alichukua motari, akafunga kilemba vizuri juu ya masikio, akaenda kuangalia.

Alilikuta jipu limezamisha pua majini, matako juu. Miti ya daraja ilikuwa imevunjika kama vijiti vya kuchokolea meno. Mazuti yalitiririka juu ya maji, yakitoa rangi nzuri. Ng'ambo walikaa wakulima, baiskeli zimelazwa, magunia yamefunikwa kwa majani, maana mawingu yalikuwa yanashuka. Hakuna aliyepiga kelele. Walitazama tu, na macho yale yalikuwa mabaya kuliko matusi.

"Dada Soraya!" aliita Julienne kutoka ng'ambo, mkulima aliyemuuzia mpunga miaka yote. "Tuliwaambia wangoje tuongeze nguzo! Yule wa kanzu akasema gari hii haijue kungoja!"

Iliasi alisimama ukingoni, kanzu imekuwa ya kahawia hadi kiunoni, akimfokea Kamaldine aliyekuwa ndani ya maji akivuta kamba.

"Nilikuambia ulete gari! Sikukuambia ulete kiboko!"

"Ulimwambia nini, yaya?" aliuliza Soraya nyuma yake.

Iliasi akageuka. Kwa mara ya kwanza mababu zake wote hawakumsaidia kitu.

"Nilikuwa nachunga heshima yako," akasema mwishowe.

"Heshima yangu iko pale ng'ambo, ndani ya magunia. Inangojea mvua." Akamgeukia Kamaldine. "Na weye. Ni yeye alikutuma?"

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutokea, na Iliasi mwenyewe ndiye aliyeufungua. Kamaldine aliutazama. Kisha akatikisa kichwa.

"Aliomba gari, ni kweli. Lakini hii niliichagua miye. Gaston alikuwa na kamionete ya zamani. Ingebeba muchele wako, ingepita hapa ikiwa tupu. Niliiona vizuri sana. Nikasema, mu ile hakuna mutu ataniita bosi."

"Juu ya nini hukuniambia maneno ya yaya?"

"Niliogopa kicheko chako."

"Kicheko changu?"

"Ungemucheka yeye. Kisha ungenicheka miye juu nimemuogopa. Soraya, tangu nikujue hatujasema mambo ya mutu bila kumucheka. Miye nilikuwa muzuri nikikaa upande wako. Sikutaka kukaa upande wa wenye kuchekwa."

Mvua ikaanza, na ng'ambo wakulima wakaanza kukokota magunia chini ya miti. Soraya alipanda pikipiki akarudi mjini, amelowa, na njia nzima alilitafuta neno la kumdharau Kamaldine asilipate.

Gaston aliununua mzoga wa jipu kwa bei ya mtu anayejua mwenzake hana pa kwenda. Fedha zile Kamaldine alizigeuza miti migumu na misumari, na chenji alimwachia Gaston. Hakurudi mjini. Alilala kwa kina Julienne, akabeba nguzo pamoja na watu wa Wamaza, ambao hawakumshukuru na hawakumpa nafasi ya kupumzika. Sehemu ya mchele ilioza. Walioozewa mchele walikuwa wakipita pale kila asubuhi na kumtazama.

Siku moja simu yake ililia. Ilimbidi apande kilima ili asikie.

"Nasikia unafanya kazi vibaya," alisema Soraya.

"Vibaya sana. Jana nilijipiga nyundo ya kidole."

"Muzuri."

Upepo ulipita kwenye simu.

"Soraya, sina shamba tena. Sina gari. Redioni wameweka mutu mwingine Jumamosi. Nilikuwa nataka kukuomba unioe wakati vitu vyote vikiwako."

"Miye ndiye nikuoe?"

"Yeyote mwenye nguvu kati yetu."

Kamaldine alimsikia akivuta pumzi. Alingojea kicheko.

"Miye pia nilikosa," alisema Soraya. "Mutu anapaswa kuweza kuniambia ameogopa. Maliza daraja. Kisha twende kwa yaya, tuseme wote wawili, na hakuna siri."

Daraja lilipokwisha, walienda kwa miguu. Iliasi aliwapokea na kanzu mpya na uso wa zamani.

"Na watu watasema nini?" aliuliza.

"Watasema huyu alivunja daraja, kisha akalitengeneza," alijibu Soraya. "Juu yako, yaya, watamalizia kwenye kuvunja."

Aziza, mke wa Iliasi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, hakungoja kuambiwa. Akaleta chai na sukari nyingi. Iliasi akainywa.

Trisikeli ilifika kabla ya ndoa: chenji iliyobaki kwa Gaston ilianza kulipa, mchele wa Soraya ukamalizia. Ilikuwa ndogo, ya buluu, na kusema kweli ilikuwa mbaya kwa sura. Siku ya harusi, baada ya msikiti, Soraya alikaa kwenye sanduku lake juu ya mkeka, gauni jeupe limemjaa magotini, hina mpaka viwikoni. Mawingu yalikuwa yamefunika jua siku kadhaa, na pano hazikushiba. Kwenye mlima ulio chini ya misheni ya Wakatoliki, trisikeli ilipunguza mwendo, ikaguna, ikasimama. Watu walitoka madukani. Motari wakazima injini ili wasikose kitu.

Kamaldine alishuka, akavua koti, akaanza kusukuma. Haikusogea sana.

"Bibi harusi, kaa!" walipiga kelele wanawake. "Bibi harusi hashuki!"

Soraya alishuka. Alikunja gauni, akavua viatu vya kisigino, akaweka mikono ya hina kando ya mikono ya mumewe. Trisikeli ikaanza kupanda. Mlima mzima ulikuwa unacheka, kutoka kwa wauza mikate hadi kwa masista wa misheni, na Soraya alicheka kuliko wote, mpaka machozi, bila kumcheka mtu yeyote.