Posa Iliyofichwa kwenye Faili la Samaki

"Mbona huketi, Luhaga? Unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu. Kwani siruhusiwi kusimama nyumbani kwangu?"

Teodora akainamia kitambaa alichokuwa akifuma, asije akacheka. Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwaka tisini na saba, pale Nyamagana. Luhaga alikuwa ametoka kinyozi, ananukia poda, na macho yake hayakuiacha simu ya mezani. Utadhani paka kaona dagaa.

Pembeni, meza ya kompyuta ilikuwa na vitambaa vyake vitatu vya kufuma: cha kioo, cha kibodi na cha printa. Ndiyo kompyuta ya kwanza kuingia nyumba yoyote mtaani kwao. Teodora aliuza cherehani yake ili inunuliwe, na siku ilipofika Luhaga aliweka mkono juu yake akaapa:

"Posa ya kwenda kwa baba yako, mzee Rwehumbiza, itachapwa hapa hapa. Bukoba nzima ijue unaolewa na mtu wa kisasa."

Miaka miwili ikapita. Luhaga alikuwa karani kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, na ripoti zake zote alichapa Teodora. SAMAKI1, SAMAKI2, mpaka SAMAKI40. Ya Bukoba haikuchapwa.

Jumatano ile, Teodora katoka mazoezi ya kwaya, kawasha mashine, kakuta SAMAKI41. Hiyo hakuichapa yeye. Akaifungua.

"Kwa Mzee Chenge, Sengerema. Mimi Luhaga, kijana nisiye na mke wala mchumba, naomba kumuoa binti yako Dorcas..."

Mwanamume ana nyumba nzima ya kufichia, akaenda kuficha kwenye samaki! Mahali Teodora anapopajua kuliko jiko lake.

Hakulia. Alipika, akala, akaosha vyombo. Kisha akakaa kwenye kibodi, akaongeza maneno mwishoni, akahifadhi, akarudisha vitambaa.

Asubuhi hii Luhaga alimtuma sokoni. Aliporudi, alikuta vile vipande vya pembeni vya karatasi, vyenye matundu, vimezagaa chini ya printa, na mshenga, mzee Masalu, keshakimbilia kivuko. Barua aliyoihangaikia kwa vidole viwili Luhaga aliijua yote kichwani. Airudie kuisoma ya nini?

Simu ikalia. Luhaga akairukia.

"Haloo! Mjomba Masalu! Wamepokea?"

Mzee alifoka mpaka Teodora akasikia kutoka kwenye kiti.

"Wamepokea? Wamesoma, we mtoto! Nimekaa mbele ya wazee, kofia mkononi, shangazi yao anasoma kwa sauti, watu wanaitikia vizuri, mpaka kafika mwisho!"

"Mwisho upi?"

"Sikiliza. 'Nimesema sina mke. Ninaye. Anaitwa Teodora, tunalala kitanda kimoja mwaka wa nne huu, na mashine iliyochapa barua hii imenunuliwa kwa cherehani yake. Namba ya simu yetu ni hii hapa chini, mwulizeni mwenyewe.' Ulikuwa umelewa?"

Luhaga akageuka taratibu.

"Teo... umefanya nini?"

"Nimemalizia ripoti. Si ndiyo kazi yangu?"

"Mjomba, ni mashine! Mashine imekosea!"

"Mashine gani inajua habari za cherehani? Mpe huyo mwanamke simu. Mzee Chenge anamtaka."

Teodora akapokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Haya yaliyoandikwa ni kweli?"

"Ni kweli, baba. Hata sasa kasimama hapa na shati nililompigia pasi mimi."

Mzee akasikika akisema na mtu pembeni, kisha akarudi kwenye simu.

"Basi. Dorcas anasema asante. Huyo bwana hatumjui."

Simu ikakatwa. Luhaga akapiga magoti, na suruali yake mpya.

"Teo, nisamehe. Naandika ya Bukoba leo. Sasa hivi! Washa mashine."

"Washa wewe."

Akajikokota mpaka mezani, akavuta kitambaa cha kioo. Chini yake, katoni ya sabuni. Akavuta cha printa. Katoni ya majani ya chai.

"Iko wapi?"

"Buzuruga, kwenye chumba nilichopanga. Wanakwaya wamenibebea ulipokuwa kinyozi. Macho yako yote kwenye simu, hata hukuiangalia."

"Na mimi, Teo? Mimi unaniachaje?"

"Na makatoni."

Akakunja vitambaa vyake vitatu, akavitia kwenye begi lililokuwa tayari nyuma ya mlango, akatoka.

Mashine ile ilishakufa zamani, na baada yake Teodora kanunua nyingine nyingi. Lakini akiulizwa ya kwanza, huitaja kwa upole, kama mtu anayemtaja shahidi wake. Na hadi leo, pale kibandani kwake Buzuruga, kijana akija kuchapisha barua ya posa, mama huyo hagusi kibodi kabla ya kumtazama usoni na kumwuliza:

"Na nyumbani umemwacha nani?"