Sauti ya Nane

Kadi ilisema sauti sita, naye mtunza santuri alihesabu saba. Akatikisa kichwa. Mzee aliyemwachia maktaba ya santuri ya kituo cha redio, ambaye kazini walimwita Bwana Sikio, hakuwahi kukosea kadi hata moja.

Albamu yenyewe aliikuta nyuma ya kabati, jalada jeusi tii. Ilikuwa muziki wa metali, ule wa giza: ngoma zinakimbizana, magitaa yanavuma, na watu wanapiga mayowe mpaka unawaonea huruma. Lakini chini ya zogo lile palikuwa na kiwimbo kitamu cha majonzi, akakipenda papo hapo. Jioni alikiimba akimwogesha binti yake wa miaka mitatu, mtoto mwenye domo kama redio. Mama alikikatisha achukue taulo. Mtoto akakimalizia.

Asubuhi mtoto aliamka bubu. Alilia kwa machozi tu, kinywa wazi.

"Mafua hayo," mumewe alinong'ona, uso umemshuka.

Kazini aliiweka tena santuri. Chumba kikanuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Akahesabu sita, saba, na nyuma ya yowe la saba, mbali kama mtu aliyefungiwa kisimani, akasikia ya nane, ndogo, ikiita "Mama, mama," bila kupumzika.

Alikwenda mbio kwa Bwana Sikio, aliyestaafu kwa ugonjwa wa koo.

"Shikamoo, mzee wangu. Ile albamu nyeusi..."

Mzee aliandika daftarini: *Nani aliumaliza wimbo?*

"Mwanangu."

*Mimi ndiye wa saba. Albamu ile ina jini. Huachia sauti likipewa nyingine. Mimi sikuwa na wa kunipa yake.*

Mchana ule ule mumewe alimleta mtoto maktaba, akasubiri mlangoni. Mama alimpakata, akaiweka santuri kwa sauti ya juu kabisa, akaimba. Harufu ya udongo ikapanda, pumzi baridi ikamgusa shingoni, na kila neno alilotoa lilikuwa likivutwa kama uzi kutoka kifuani, naye akaendelea kuimba huku mtoto akimtazama mdomo bila kupepesa, mpaka neno la mwisho likatoka na halikurudi.

"Mama!" mtoto alipiga kelele.

Mumewe aliingia, akamnyanyua, akacheka na kulia kwa pamoja. "Kasema! Twende tukampigie bibi!" Akamweka mabegani, akashuka naye ngazi mbio.

Mama alibaki kitini, mwepesi kwa furaha, akijipapasa koo. Ndipo akasikia kutoka chini ya ngazi sauti ya mwanawe ikikianza kile kiwimbo, taratibu, bila kukosea hata neno.

"Jamani, anaujua wote!" baba alicheka. "Hebu umalize, mwanangu, nisikie."

Mama alikimbilia ngazi, kinywa wazi.