Mota ya Mama Pindo

Mama Pindo alishona sare za shule sebuleni kwake. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu pindo lake halifumuki. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mcheshi wa mtaa mzima. Akaunti yao ya benki ilikuwa moja.

Jumatatu Mama Pindo alimwandikia muuza vitambaa hundi. Kesho yake mumewe alipita kwenye mashine ya benki. Akaona salio nono. Siku nyingi alimhurumia mkewe, anayekanyaga cherehani huku goti linamuuma. Basi akatoa pesa, akamnunulia mota ya cherehani.

"We mwanamume, umeiba wapi?" Mama Pindo alimkumbatia huku akicheka.

"Kwa ajili yako ningeiba, lakini nimelipa!"

Ijumaa muuza vitambaa alipiga simu. Hundi ilikuwa imerudi, pesa hazikutosha.

"Mama, nimekuamini miaka yote. Nitakupaje kitambaa tena?"

Mama Pindo alilia. Bila kitambaa, sare angeshona kwa kitu gani?

"Lakini mashine ilisema pesa zipo!" mumewe alilalamika.

Jirani yao, karani wa benki, alikuwa amefuata gauni lake.

"Zilikuwepo, shemeji, ila hazikuwa zenu tena," alisema. "Mashine haiijui hundi ambayo haijafika benki."

"Sasa nani anaijua?"

"Nyinyi! Kabla ya kuchana hundi, andikeni kwenye kipande kinachobaki kitabuni: ya nani, kiasi gani, tarehe gani. Mkitoa pesa kwenye mashine, andikeni pia. Kila mara punguzeni kwenye salio. Kinachobaki ndicho chenu. Na mwambiane, jamani!"

Mume alirudisha mota dukani. Akampelekea muuza vitambaa pesa mkononi.

"Kosa ni langu," alisema. "Mke wangu usimguse."

Muuza vitambaa akacheka. "Haya, kitambaa atapata. Ila kwa sasa, taslimu tu."

Tangu hapo waliandika kila kitu, tena kwa kugombania kalamu. Miezi ikapita, muuza vitambaa akaanza kupokea hundi tena.

Jioni moja mume alifungua kitabu cha hundi. Aliandika kwanza kwenye kipande: "Mota. Goti la mke wangu." Akapunguza, akamsogezea mkewe.

Mama Pindo alikagua hesabu mara mbili.

"Zinabaki," alisema, machozi yakimlengalenga. "Chana, mume wangu."