Wimbo wa Sista

Kila siku baada ya shule, Chiriku alipitia saluni kwa shangazi yake. Alivua sare, akavaa gauni la kazi, akafagia nywele zilizotapakaa sakafuni, kisha akaosha vitana kwa maji ya sabuni na kuvipanga mbele ya kioo. Jina hilo la ndege alipewa na wateja, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa darasa la sita, na shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipohamishiwa kazi mbali.

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, na juu ya kabati la mafuta ilikaa redio kaseti kuukuu. Shangazi hakupiga nyimbo mpya. Alipiga nyimbo za bendi za enzi za ujana wake, zile ambazo gitaa humngoja mwimbaji amalize kusema ndipo limjibu. Waliozijua waliimba, wasiozijua waliuliza, na msichana aliyeingia amenuna alitoka akipiga mluzi. Shangazi alipenda kusema kwamba yeye husuka nywele tu, bendi ndiyo husuka moyo.

Wimbo mmoja ulikuwa wa Jumamosi. Shangazi aliunasa kutoka redioni kabla Chiriku hajazaliwa, na hakuna aliyewahi kuupata kwingine, hata kwenye simu. Kiitikio chake kilikuwa rahisi: "Inuka uoshe uso, leo si jana." Muuguzi mmoja mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Sista, alikuja kila Jumamosi kuusikiliza, hata nywele zake zilipokuwa hazihitaji chochote. Alisimulia kwamba zamani wauguzi waliuimba wodini asubuhi, na wagonjwa waliokuwa wamegeukia ukuta wakikata tamaa walianza kugeuka, mmoja mmoja.

Alhamisi moja shangazi alikwenda kununua mafuta ya nywele, akamwachia Chiriku saluni. Redio ilikuwa imerudi jana yake, pamoja na kaseti zake, kutoka kwa jirani yao, mzee aliyeitwa Fundi Waya, baada ya kuanza kutafuna tepu. Chiriku alitamani sana kuwa mtangazaji. Akaokota kaseti ambayo maandishi yake yalikuwa yamefutika, akadhani ni tupu, akabonyeza kitufe cha kurekodi na kusoma taarifa ya habari: paka wa muuza mkaa amejifungua, na baba wa watoto hajulikani. Akaongeza na matangazo ya biashara, na hali ya hewa.

Aliporudisha nyuma ili ajisikilize, alicheka peke yake. Taarifa ilipokwisha, gitaa likalia kidogo, na sauti ya mwimbaji ikamalizia: "...leo si jana." Kisha kimya. Chiriku aliacha kucheka.

Mpaka hapo lilikuwa kosa la bahati mbaya, na angeweza kulisema. Lakini hofu ilimshika. Alirudisha tepu mwanzo, akaziba kwa kiganja kile kitundu kinachonasa sauti, akabonyeza tena kitufe cha kurekodi mpaka sauti yake nayo ikafutika. Kisha akairudisha kaseti mahali pake, akaendelea kufagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Jumamosi Sista alikaa kwenye kiti chake. Shangazi alibonyeza kitufe, wote wakangoja. Ukasikika mvumo tu, kama mvua ya mbali. Shangazi aligeuza kaseti, akajaribu tena, akaitazama kwenye mwanga. Alijiuliza kwa sauti kitu gani kimetokea, maana wiki iliyopita ilikuwa nzima.

Chiriku alikuwa ameegemea ufagio. "Labda Fundi aliifuta alipokuwa anaijaribu redio," alisema.

Yalikuwa maneno machache tu, lakini shangazi aliweka kitana chini, akamwacha mteja na kichwa kilichosukwa nusu, akaenda kwa Fundi Waya. Alimsema mbele ya wateja wake bila kumpa nafasi ya kujibu. Alimwambia kwamba kama macho hayaoni tena, afadhali apumzike. Chiriku alisikiliza mlangoni akingoja mzee huyo akatae. Fundi Waya hakukataa. Aliitazama mikono yake, akasema hakumbuki kufuta kaseti yoyote, lakini uzee una mambo yake, na kama ni yeye basi anaomba radhi.

Tangu hapo Chiriku alikuwa kama mtu aliyemeza jiwe. Wateja waliuliza kama chiriku amehama. Alisikia mama mmoja akieleza kwamba amempelekea fundi mwingine redio yake, kwa kuwa yule mzee siku hizi anaharibu vitu vya watu. Mwingine akaitikia, na habari ikatoka nje ya mlango ikaenda zake. Chiriku alianza kupita uchochoroni akienda shule, ili asionane na mzee huyo.

Lakini mtaa haufichi mtu. Siku moja jioni walikutana uso kwa uso kwenye bomba la maji. Viatu vya Fundi Waya vilikuwa vimejaa vumbi. Chiriku alimwamkia huku akitazama ndoo.

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee alijibu. "Mwambie shangazi yako asikate tamaa. Naendelea kuutafuta ule wimbo. Leo nimefika mpaka ng'ambo ya reli, kuna mtu alikuwa na kaseti nyingi za zamani. Sikuupata, ila kesho nitakwenda kwingine."

Chiriku alitaka ardhi ipasuke aingie. Angetukanwa angevumilia, lakini wema ule ulimchoma. Machozi yalimtoka, na maneno yakafuata: taarifa ya habari, kiganja, ufagio, yote.

Fundi Waya aliinamia ndoo iliyokuwa inafurika. Akafunga bomba.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini mimi nilisemwa mbele za watu. Ukinisafisha hapa bombani, anayejua ni mimi na wewe na ndoo."

Jumamosi iliyofuata viti vyote vilikuwa vimejaa. Chiriku alisimama katikati ya chumba, uso ukimwaka, na kwenye kioo kikubwa akawaona wote wakimtazama. Alieleza aliyoyafanya. Sauti ilimkatika mara mbili, akaanza upya. Yule mteja aliyeitikia habari za mzee kuharibu vitu aliinamisha kichwa. Shangazi hakugomba wala hakuinua mkono. Alinawa mikono, akamshika Chiriku, wakaenda kwa Fundi Waya, na wateja wakawafuata na vichwa vyao vya nusu nusu.

Pale pale alipomsema, shangazi alipiga magoti akaomba radhi. Mzee alimwinua, akasema yamekwisha, sasa wautafute wimbo.

Sista ndiye aliyeanza, kwa sauti nyembamba. Alipokwama ubeti wa kwanza, shangazi alimpokea. Ubeti wa pili alijua nusu mteja mmoja, nusu nyingine ikatoka kwa muuza mkaa aliyekuwa anapita na mkokoteni. Ubeti wa tatu haukupatikana, wakaruka wakarudi kwenye kiitikio. Fundi Waya aliwarekodi kwenye kaseti mpya, kisha akavunja kile kijipande cha plastiki mgongoni mwa kaseti hiyo, ili mtu yeyote asiweze kurekodi juu yake.

Wengine walipoondoka, Chiriku alibaki ameinamisha kichwa. Aliuliza kama ule ubeti wa tatu umepotea kabisa.

"Huenda umepotea," shangazi alijibu. "Mimi nilikosa kwa hasira, wewe ulikosa kwa woga, na sote wawili tunajifunza. Lakini sikiliza, mwanangu. Wimbo ukipotea, wanaoukumbuka watauokota kipande kipande. Jina la mtu ukilichafua, hakuna wa kulisafisha ila wewe uliyelichafua. Leo umeanza kwa watu wa saluni. Habari ilikwishafika mbali kuliko hapa."

Chiriku alifuta uso. Aliuliza yule mama aliyehamisha redio yake anakaa nyumba ipi, akaenda kubisha hodi.