Mama Kahama Timu

Sogeeni karibu. Leo tuko Mwanza, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu.

Huyu ni Nyamizi. Ana miaka sita, na meno ya mbele hana. Mama yake ni mchezaji. Kazi yake ndiyo hiyo, kucheza mpira wa kikapu.

Siku zote Mama alivaa jezi ya kijani, namba saba. Nyamizi naye alivaa kijani. Mama akifunga, Nyamizi alipiga miguu chini. Pa! Pa!

Juzi Mama alihama timu, akaenda ya njano. Baba alimweleza Nyamizi kwamba wachezaji huhama, ni kawaida. Nyamizi akasema ameelewa. Hakuelewa hata kidogo.

Leo kijani wanacheza na njano. Nyamizi amekaa na Baba. Amevaa kijani, kama kawaida yake.

Du, du, du, mpira unadunda.
Jamani, nimshangilie nani?

Namba saba huyo, anakimbia! Nyamizi akasimama. "Mama! Mama!"

Namba saba akageuka. Siyo Mama. Ni dada mmoja mrefu, wala hamjui. Nyamizi akakaa polepole.

Baba akamwonyesha kwa kidole. Mama ni yule pale, wa njano, namba kumi na mbili.

Nyamizi akatazama. Nywele ni za Mama. Mbio ni za Mama. Lakini jezi ni ya watu wengine.

Du, du, du, mpira unadunda.
Jamani, nimshangilie nani?

Mama akaruka, akatupa. Chwaa! Mpira ukapita kwenye wavu. Nyamizi akainua mguu.

Mara akamwona Anti Kabula wa kijani. Ni rafiki wa Mama, na ndiye humsuka Nyamizi nywele. Anti Kabula ameshika kiuno. Hana raha.

Nyamizi akarudisha mguu. Machozi yakamlengalenga. Anampenda Mama. Anampenda Anti Kabula pia.

"Baba, nikimshangilia Mama, Anti atanikasirikia?"

Baba akakuna kichwa. Hata yeye alikuwa amechanganyikiwa. Alivaa soksi moja ya kijani na nyingine ya njano.

Du, du, du, mpira unadunda.
Jamani, nimshangilie nani?

Mpira ukamfikia Mama. Anti Kabula akakimbilia kwenye kona yake ya siku zote. Na Mama, bila kufikiri, akampa yeye!

Anti Kabula akadaka. Akashangaa. Akafunga.

Kocha wa njano akashika kichwa. Watu wakacheka. Mama akasimama katikati ya uwanja, anaitazama jezi yake kama hajawahi kuiona.

Kumbe hata Mama anachanganyikiwa! Nyamizi alimwonea huruma sana. Akapanda juu ya kiti.

"Mama! Wewe ni wa njano!"

Mama akamwona, akacheka. Anti Kabula naye akacheka, akampungia Nyamizi mkono. Hakukasirika hata kidogo.

Mama akaupata tena mpira. Du, du, du. Akaruka. Chwaa!

Pa! Pa! Nyamizi alipiga miguu mpaka kiti kikatikisika.

Nani alishinda? Kijani, kwa pointi mbili. Zile zile alizowapa Mama.

Mchezo ulipokwisha, Nyamizi akapanda mapajani kwa Mama. Mama alikuwa amelowa jasho, na amechoka.

"Bado sijazoea, mwanangu," Mama akasema.

"Na mimi bado," Nyamizi akajibu.

Wakakaa hivyo hivyo, wamekumbatiana, mpaka Nyamizi akasinzia.