Shingo ya Gitaa la Mwanawema

Ijumaa asubuhi, Mwalimu Nyange alipolitungua gitaa la marehemu mkewe ukutani ili alipanguse vumbi, alihisi shingo yake imenenepa.

Haikuwa sana. Mtu mwengine asingejua. Lakini Nyange alifundisha useremala katika skuli moja ya Wete, na shingo ile aliichonga mwenyewe kwa mti wa mfenesi, mwaka wa hamsini na tisa. Alichukua bikari, akaibana shingo katikati, akaipeleka bikari kwenye rula. Aliiacha ikiwa robo tatu ya inchi. Sasa imezidi kwa unene wa ukucha.

"Masika haya," alijiambia. "Mti hunywa maji."

Alijua kwamba mti mkavu hauvimbi mahali pamoja tu.

Kabla ya shingo ile alichonga mbili nyengine. Ya kwanza ilikuwa nene na ya mviringo. Mwanawema, mwenye mkono mdogo, aliishika mara moja akacheka. "Mume wangu, nnakwenda kupiga gitaa ama nnakwenda kutwanga?" Ya pili aliipa mgongo uliochongoka kama mkuku chini ya jahazi. Hiyo humfaa mwenye vidole virefu, anayeikumbatia shingo kwa kiganja kizima mpaka gumba likachungulia upande wa pili. Vidole vya Mwanawema havikufika. Ya tatu Nyange aliipiga randa na msasa kwa wiki tatu, ikawa nyembamba, mgongo bapa. Gumba la mkewe likapumzika nyuma, na vidole vikazifikia nyuzi zote sita bila kifundo cha mkono kumuuma.

"Hii," alisema Mwanawema, "imenijua."

Nyange akalitia gitaa sumaku ya kunasia sauti, akaliunga na kipaza sauti cha betri ya gari, na nusu ya mtaa wa Jadida ikaja kusikiliza gitaa la umeme. Mwanawema alikuwa na miezi minne kaburini sasa. Nguo zake zilishagawiwa. Katika nyumba nzima, shingo ile ndiyo pekee iliyobaki na kipimo cha mkono wake, na kila alfajiri Nyange aliishika kabla ya kwenda kazini.

Siku ya posa wazee hawakumficha: binti ana mgeni. Ni jini mwanamme, alimjia tangu ujana wake. Hadhuru, ila usiku wa kuamkia Ijumaa ni wake. Nyange alikubali kwa mdomo. Miaka sita, kila Alkhamisi, alilala barazani, na miaka miwili ya mwisho alilala huko akisikiliza gitaa likilia chumbani kwa namna ambayo mkewe hakuwahi kumpigia yeye.

Alipokufa Mwanawema, Bi Mwatima, fundi wa kupunga pepo aliyesimamia mapatano yale, alimwambia, "Mpe habari mgeni wake. Choma udi mlangoni, umwambie."

"Nitampa," alijibu Nyange.

Hakumpa. Na aje, alikata shauri. Akute kitanda kitupu, na asijue kwa nini. Hayo ndiyo maumivu pekee aliyoweza kumtia.

Ijumaa ya pili mgongo wa shingo ulianza kuchongoka. Chumba kilichofungwa kilinuka udi na marashi, na chini yake harufu ya chumvi, kama kitambaa kilichotoka baharini kikakaushwa bila kusuuzwa. Nyange alizivua nyuzi, akazitia koponi, akalifunga kopo kwa kamba. Ijumaa ya tatu nyuzi zilikuwa mahali pake, zimekazwa kwa sauti sahihi, na kipaza sauti kilikuwa na joto, ilhali betri ilikuwa skuli.

Akaenda kwa Bi Mwatima na gitaa limefungwa kwenye shuka.

Bibi yule alipitisha kiganja mgongoni mwa shingo, akakiondoa haraka.

"Huu si nkono wa Mwanawema."

"Najua, bibi."

"Huyu ana vidole virefu. Anajichongea ya kumfaa yeye." Akamtazama. "Ulimwambia?"

Nyange aliinama kuikunja shuka.

"Mwalimu, nakuuliza. Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Astaghfirullahi! Miezi minne ntu anabisha hodi kwa nkewe, nawe umenyamaza tu!"

"Si mtu, bibi. Na hakuwa mkewe. Alikuwa mke wangu."

"Haya tena. Umesoma mpaka ng'ambo, na wivu wako bado ni wa kijana wa ngoma." Lakini hakucheka. Alipunguza sauti. "Nsikilize, mwanangu. Anayengoja hutafuta la kushughulisha mikono. Shingo hii ikishamkaa sawasawa, ndiyo amehamia, na kipimo cha nkeo hukioni tena. Alkhamisi hii umwambie. Maneno mawili tu: amekufa, nenda salama. Usiongeze."

Alkhamisi, baada ya magharibi, yeye na Bi Mwatima walikaa chumbani, gitaa juu ya kitanda, chetezo mlangoni. Nyange aligundua kwamba tangu msiba hajawahi kulitamka neno lile. Alikuwa akisema hayupo, ametangulia, ameniacha.

Moshi wa udi uliokuwa ukipanda wima ukapinda. Kipaza sauti, kisicho na betri wala waya, kikavuma polepole, mvumo ulioanzia sakafuni na kupanda magotini na kifuani, kisha uzi mmoja ukalia, na wa pili, na ule wimbo aliokuwa akiusikia kutoka barazani ukafunguka mbele yake kwa mara ya kwanza, karibu, bila ya ukuta katikati, mzuri kuliko alivyoujua, mpigaji akipunguza mwendo kila baada ya mstari kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kujibu, na asipojibiwa anarudia, kwa upole, kwa subira, kama aliyezoea kujibiwa.

"Sema," alinong'ona Bi Mwatima.

"Mwanawema amekufa," alisema Nyange.

Nyuzi zikanyamaza. Katika kimya kile kulitoka sauti ndogo ambayo Nyange aliitambua, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akiizuia kwa miezi minne. Yule mgeni alikuwa analia. Alikuwa analia ndani ya nyumba yake, juu ya kitanda chake, kwa ajili ya mke wake, bila haya, na wivu ukampanda Nyange mpaka machoni.

"Nenda salama. Sema, mwanangu, umalize!"

"Alikuwa wangu," alisema Nyange. "Unasikia? Wangu mimi. Mimi ndiye mrithi wake. Kila kilichokuwa chake ni changu!"

Bi Mwatima aliruka kumziba mdomo, akachelewa.

"Ewe Nyange," alisema, kiganja kingali juu ya midomo ya mwalimu. "Na mgeni naye alikuwa wake Mwanawema. Umejirithisha kwa ulimi wako."

Moshi ulikuwa umerudi wima. Harufu ya marashi haikuwa tena chumbani. Ilikuwa kwenye kola ya shati lake. Nyange, ambaye hakuwahi kujua kupiga hata uzi mmoja, aliuona mkono wake wa kushoto ukinyooka mpaka kitandani, ukaikumbatia shingo kwa kiganja kizima, na gumba likapanda upande wa pili, likakaa. Ilimkaa sawasawa. Alitafuta kwa vidole mahali pale bapa palipokuwa pa mkewe, akatafuta tena, wala hakupapata, kwani vidole vile vilikuwa vimeshaanza kupiga.

Bi Mwatima alirudi nyuma mpaka ukutani. Pale, yeye aliyempokea Nyange mikononi siku aliyozaliwa, akapiga magoti.

"Shikamoo, bwana," alisema.

Nyange alitaka kumwambia ainuke, kwamba mtu haamkiwi hivyo na aliye sawa na mama yake.

"Marahaba," ilijibu sauti kutoka kinywani mwake.